Mkono Mdogo Haudai Bastola Ndogo

Kila mwenye mkono mdogo anayeanza kupiga shabaha huambiwa neno lilelile, na huambiwa na watu wenye nia njema kabisa: "Wewe tafuta kale kadogo." Kisha anawekewa kiganjani bastola ya mfukoni, nyepesi, mtutu mfupi, kishikio chembamba ambacho vidole vinakizunguka chote. Inapendeza. Anaigeuza huku na huku, anatabasamu, anasema hii ndiyo yangu. Hajaikoki bado, yaani hajavuta nyuma kile chuma cha juu ili iwe tayari kufyatuliwa, wala hajaifyatua.

Mimi pia ni wa mkono mdogo, na nimekaa na watu wa shabaha muda wa kutosha kuulizwa swali hili na wageni wengi: nichukue bastola gani? Jibu langu la kwanza huwakera kidogo kwa sababu halina jina la kampuni ndani yake. Nawaambia waanze na umbali wa triga, yaani kutoka mgongo wa kishikio hadi kile kifyatulio kinachovutwa na kidole. Ukishaujua umbali unaokufaa, bastola nyingi zilizopangwa kwenye kabati la muuzaji zinajiondoa zenyewe, na kati ya zinazobaki, nyingine ni kubwa kuliko ulivyodhani. Kale kadogo mara nyingi hakamo.

Habari za kibali, umri, mafunzo na namna ya kuhifadhi silaha zinategemea sheria ya mahali ulipo, na hizo hutangulia kila ninachosema hapa. Nachukulia umeshazipitia. Nachukulia pia kwamba tunazungumzia bastola ya nusu otomatiki, ile inayotumia magazini, kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya kishikio, na kujijaza yenyewe kila risasi inapotoka, si rivolva.

Kutoka mgongo wa kishikio hadi triga

Kwenye boksi la bastola utasoma urefu wa mtutu, uzito na idadi ya risasi zinazoingia kwenye magazini. Umbali kutoka mgongo wa kishikio hadi uso wa triga hauandikwi mara nyingi, na huo ndio unaoamua kama silaha ni ya mkono wako au ya mkono wa mtu mwingine. Tofauti kati ya bastola inayokaa na isiyokaa inaweza kuwa milimita mbili au tatu tu. Mwenye vidole virefu hazihisi. Wewe na mimi tunazihisi papo hapo.

Kuupima hakuhitaji rula. Mwombe mwenyewe ruhusa, elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, tazama kwa macho ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe hamna kitu. Hata kama muuzaji ameshakagua mbele yako, kagua tena. Baada ya hapo pandisha kiganja juu kabisa ya kishikio, ile panda iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ijikite katikati ya mgongo wake, na mtutu ulale mstari mmoja na mfupa wa mkono kuanzia kiwikoni. Usihangaike na triga bado. Kaza vidole vitatu vya chini kwa nguvu utakayotumia siku ya kufyatua kweli, halafu ndipo ulaze kidole cha shahada juu ya triga.

Kikitua kwa ile nyama iliyo katikati ya ncha na kiungo cha kwanza, na kati ya kidole na fremu, yaani kiwiliwili cha bastola, ukaona mwanya mwembamba, umepata. Kikigusa kwa ncha tu, karibu na ukucha, ni mbali. Na hapo mwili hufanya ujanja bila kukuuliza: mkono unajizungusha kwenye kishikio ili kidole kifike. Panda inahama kutoka katikati, mtutu unaacha kunyooka na mkono, bastola inaegemea kiungo cha chini cha gumba. Kidole kimefika, lakini sasa msukumo wa nyuma wa kila risasi unagonga gumba badala ya kupita kwenye mkono mzima hadi begani. Baada ya magazini kadhaa gumba linauma na mtu analalamika kwamba bastola hii ina nguvu sana. Nguvu ni ileile anayoipata jirani yake. Kwake imepita njia mbaya.

Karatasi ya shabaha nayo husema. Kidole kinachoigusa triga kwa ncha huelekea kuisukuma pembeni badala ya kuivuta nyuma moja kwa moja, na kwa anayetumia mkono wa kulia matundu huanza kuhamia kushoto. Ukiona matundu yako yamekusanyika vizuri lakini yote yako kushoto, usikimbilie kuchezea vilengeo. Tazama kwanza kidole kimelala wapi.

Kuna mtego kwenye meza ya muuzaji ambao unawapata wengi. Bastola za mtindo wa Glock, zisizo na nyundo ya nje, kile kijichuma cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke, triga yake ina mahali pawili pa kukaa. Bastola ikiwa imekokiwa, triga iko mbele. Ikishafyatuliwa, inabaki nyuma. Bastola za kabatini aghalabu huhifadhiwa zikiwa zimefyatuliwa tupu, kwa hiyo triga unayoigusa iko nyuma, karibu na kishikio, na hata kidole kifupi kinaifikia bila taabu. Unaridhika, unalipa, na siku ya kwanza ya kuikoki triga inaruka mbele na kidole kinabaki kinaitafuta. Mwambie muuzaji aikoki ikiwa tupu, kisha ndiyo upime.

Zile zenye nyundo na mvuto mrefu wa kwanza, mfano Beretta 92 au CZ 75, zinadai upime mara mbili. Nyundo ikiwa chini, triga iko mbali na ni nzito. Nyundo ikishakwenda nyuma, triga inasogea karibu na kuwa nyepesi. Anayepima ya pili peke yake anajidanganya, maana risasi ya kwanza itamdai ile ya kwanza. CZ 75 ina nafuu moja: komeo lake la usalama linaweza kufungwa nyundo ikiwa nyuma, hivyo aliyefunzwa vizuri anaweza kuanzia kwenye umbali mfupi. Hilo ni la mtu aliyekwisha kuizoea silaha, si la wiki ya kwanza.

Watu huuchanganya umbali huu na unene wa kishikio, na ni mambo mawili. Unene hutokana na magazini. Risasi zikipangwa mstari mmoja, kishikio huwa chembamba. Zikipangwa mistari miwili iliyopishana, kinanenepa. Ndiyo maana utasikia kwamba mkono mdogo ufuate magazini ya mstari mmoja. Ushauri huo una ukweli, ila nisingeufanya sheria. Browning Hi-Power, iliyotoka kiwanda cha FN cha Ubelgiji mwaka 1935, inabeba risasi 13 za milimita 9 kwa mistari miwili na kishikio chake bado kinasifiwa kwa kukaa vizuri mkononi. SIG P365 ya mwaka 2018 ikaja na risasi 10 kwenye bastola yenye upana wa inchi moja hivi. Kwa maoni yangu, unene ukizidi kidogo mkono hujizoesha. Umbali wa triga ukizidi, hakuna zoezi litakalorefusha kidole.

Tena mkono mdogo una faida ambayo wenye mikono mikubwa hawana, na sisikii ikitajwa. Ukishashika kwa mkono mmoja, eneo la kishikio linalobaki wazi upande wa pili ni kubwa. Kiganja cha mkono wa kusaidia kinapata mahali halisi pa kubana, na huo ndio mkono unaozuia bastola isiruke. Rafiki zetu wenye viganja vipana hukifunika kishikio chote kwa mkono mmoja, kisha wa pili unaning'inia juu ya vidole vyao wenyewe.

Majeshi yalipita njia hii

Ukiona haya kusema bastola haikukai, kumbuka kwamba jeshi la Marekani lililazimika kufanya hivyo kwa bastola yake lenyewe. Mwaka 1911 lilichukua bastola ya John Browning ya risasi za .45, namba inayotaja ukubwa wa risasi. Ikapita Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 ikarudishwa mezani kufanyiwa marekebisho. Kilichotoka kikaitwa M1911A1. Triga ilifupishwa. Fremu nyuma ya triga ikachongwa pande zote mbili ili kidole kipate njia. Mkia wa komeo la usalama lililo mgongoni mwa kishikio ukarefushwa ili nyundo isiendelee kung'ata mkono. Sehemu ya chini ya mgongo wa kishikio, iliyokuwa imenyooka, ikatuniswa. Ukishika leo M1911A1, au nyingi za ukoo wake zilizofuata, yale mabonde mawili madogo nyuma ya triga ni kazi iliyofanywa kwa ajili ya vidole vifupi, na yapo mpaka sasa.

Halafu jeshi hilohilo, mwaka 1985, likachukua Beretta M9: mistari miwili, risasi 15, kishikio kipana, mvuto wa kwanza mrefu, na komeo la usalama likiwa juu kwenye slaidi ambako gumba fupi hulitafuta bila kulipata. Kwa mtu wa mkono mkubwa ni bastola tulivu sana, inakaribia kilo moja na inafyatuka kwa upole. Mkononi mwangu nyundo ikiwa chini naifikia triga kwa ncha ya kidole na si zaidi. Ilipofika zamu ya kuibadilisha, SIG P320 ikachaguliwa mwaka 2017 kwa majina ya M17 na M18. Mtambo wake wa triga unachomoka mzima na kuhamishiwa kwenye kishikio kidogo, cha kati au kikubwa. Askari hapewi tena kipimo kimoja na kuambiwa avumilie.

Wazo la kishikio kinachobadilika lilikuwa limeshaanza kwenye soko la kawaida. Walther P99 ya miaka ya 1990 ilikuja na migongo ya kubandika na kubandua. Glock ikaufuata mtindo huo mwaka 2010 katika kizazi chake cha nne: fremu yenyewe bila kitu ndiyo fupi kabisa, mgongo wa kati unaongeza milimita 2, mkubwa unaongeza 4. Heckler & Koch VP9 ya mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi, migongo mitatu na vipande vitatu vya kila ubavu, ukivichanganya unapata michanganyiko 27. Mwaka 2022 Walther ikatoa PDP F-Series, iliyosanifiwa kwa kuzingatia mikono ya wanawake: triga imesogezwa karibu na slaidi imerahisishwa kuvuta.

Kabla ya hapo, kampuni nyingi ziliposema zina bastola ya wanawake zilimaanisha bastola ileile iliyopakwa rangi ya waridi. Sina ugomvi na rangi ya waridi. Ila sijaona rangi inayosogeza triga.

Ukipata bastola yenye migongo ya kubadilisha, anza na mdogo kabisa na upande juu. Wauzaji wengi huziweka mezani zikiwa na mgongo wa kati kwa sababu ndivyo zilivyotoka kiwandani, na mteja huihukumu silaha nzima kwa mgongo ambao si wake. Omba boksi, toa vile vipande, badilisha hapohapo. Kama muuzaji anaona uvivu, mrudishie bastola yake. Na chunga vishikio vyenye mifereji ya vidole iliyochongwa mbele: ilichongwa kwa kukadiria vidole vya mtu fulani, na kwa mkono mdogo yale matuta hukaa chini ya vidole badala ya kukaa katikati yao. Mbele laini au penye chenga za kukwaruza kidogo panafaa zaidi.

Slaidi ngumu

Malalamiko ya pili kwa wingi, baada ya triga, ni slaidi. "Siwezi kuikoki." Hapa nusu ya tatizo ni bastola na nusu ni namna ya kuvuta.

Tuanze na bastola, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa "kale kadogo" unapoharibika kabisa. Slaidi fupi ina safari fupi na uzito mdogo, na bado inapaswa kusimamishwa na springi kabla haijafika mwisho. Kwa hiyo springi ya bastola fupi huwa ngumu kuliko ya bastola ndefu inayopiga risasi ileile. Mgeni anachukua bastola ndogo akidhani atasaidika, anakutana na springi ngumu kuliko zote dukani, na sehemu ya kushika slaidi ni fupi kiasi kwamba vidole viwili tu ndivyo vinavyopata nafasi.

Aina ya mtambo nayo ina neno lake. Kwenye bastola nyingi za milimita 9, mtutu na slaidi hufungamana kwa muda mfupi risasi inapotoka na kurudi nyuma pamoja, kisha huachana. Kufungamana huko hubeba sehemu kubwa ya kazi, hivyo springi haihitaji kuwa kali sana. Kwenye bastola nyingi za zamani za .380, mfano Walther PPK, mtutu umekaa palepale na hakuna kufungamana. Kinachoizuia slaidi ni uzito wake na springi tu. Matokeo ni kinyume cha matarajio: PPK yenye risasi dhaifu inaweza kuwa ngumu kukoki kuliko Glock 19 yenye risasi kali zaidi. Anayekwambia uchukue .380 kwa sababu itakuwa rahisi, muulize .380 ya mtambo gani. Smith & Wesson Shield EZ, iliyotoka mwaka 2018 kwa .380 na baadaye kwa milimita 9, mtutu wake hufungamana na slaidi, ina nyundo iliyofichwa ndani, na slaidi yake ni laini kwelikweli. Magazini yake ina vishikizo pembeni vya kuishusha springi wakati wa kujaza. Ni bastola iliyobuniwa na mtu aliyewasikiliza watu wenye mikono dhaifu. Na kwa asiyeweza kabisa kuvuta slaidi, Beretta ina ukoo mdogo wa bastola, Tomcat mojawapo, ambazo mtutu wake huinuka upande wa nyuma ukibonyeza wenzo, ukaweka risasi moja kwa moja kwenye chemba. Risasi zake ni ndogo, lakini mlango huo upo.

Sasa namna ya kuvuta. Wengi hunyoosha mikono mbele, wakabana mkia wa slaidi kwa gumba na kidole cha shahada, wakavuta. Hivyo unatumia misuli midogo kuliko yote uliyo nayo. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukiendelea kuelekea kwenye shabaha, kidole kikiwa nje ya triga. Funika slaidi kwa juu kwa kiganja kizima cha mkono wa kusaidia, nyuma ya tundu la kutolea maganda, vidole vinne upande mmoja na kitako cha kiganja upande wa pili. Kisha ushikilie huo mkono imara na usukume fremu mbele kwa mkono wa bastola, kwa nguvu za bega na mgongo. Ikifika mwisho, iachie. Usiisindikize kurudi, kwa sababu slaidi iliyosindikizwa hushindwa kuingiza risasi vizuri kwenye chemba.

Kwa wafupi na wenye mikono mifupi kuna kishawishi cha kugeuza bastola ubavuni ili wapate nguvu, na mtutu unaishia kumtazama jirani wa renji, uwanja wa kupigia shabaha. Geuza miguu na kiwiliwili badala yake, simama ubavu kwa shabaha, mtutu ubaki unakotakiwa. Na ikiwa bastola yako ina nyundo ya nje, ivute nyuma kwa gumba kabla ya kukoki. Nyundo ikiwa chini, slaidi inapambana na springi mbili kwa pamoja, yake na ya nyundo. Ukiondoa moja, tofauti utaisikia mkononi. Nimeona watu wazima walioacha bastola wakidhani hawaiwezi wakaikoki bila shida baada ya kuambiwa hilo tu.

Kuna wanaokimbilia kubadilisha springi ya slaidi na kuweka laini. Silipendi. Springi ile imepangwa pamoja na uzito wa slaidi na nguvu ya risasi. Ukiilegeza, slaidi inagonga fremu kwa nguvu zaidi kila risasi na huenda ikakosa nguvu ya kurudi na kufunga. Badili kwanza namna ya kuvuta. Ikishindikana, badili bastola.

Uzito ni rafiki

Risasi ileile ikitoka kwenye bastola mbili, moja ina nusu ya uzito wa nyingine, nguvu ya kurudi nyuma inayoufikia mkono kwenye ile nyepesi ni mara mbili. Ni hesabu ya fizikia, haijali misuli. Beretta 92 tupu ina gramu 945 hivi, Glock 19 bila magazini takriban 600, P365 yenye magazini tupu kama 500, na Ruger LCP ya .380 haifiki 300. Watu hushangaa LCP, yenye risasi dhaifu, inavyochapa kiganja. Ina haki ya kuchapa: ni nyepesi, kishikio chake ni chembamba, na nguvu yote inatua kwenye ukanda mwembamba wa nyama.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuangalia mifano ni kama bastola hii utaivaa mwilini kutwa nzima au itakaa kwenye sefu na kwenda renji. Kama ni renji, sioni sababu ya mtu wa mkono mdogo kubeba bastola ndogo. Chukua yenye fremu kamili au ya kati, mtutu wa inchi nne au zaidi, umbali wa triga mfupi. Itakuwa laini kukoki, tulivu kufyatua, na vilengeo vyake, cha mbele na cha nyuma, vitakuwa vimeachana zaidi, jambo linalosaidia kulenga. Kama ni ya kuvaa, utalazimika kupunguza, lakini punguza ukijua unalipia kwa nini, na simama kabla ya kufika kwenye zile za mfukoni.

Kuhusu ukubwa wa risasi, milimita 9 inatosha na inavumilika. Kwa kujifunza, .22 haina mpinzani. Haipigi teke la kutisha, na kidole kinajifunza kuvuta triga bila woga wa mlio unaokuja. Anayeanza na .22 kisha akahamia milimita 9 hujifunza haraka kuliko anayeanzia juu na kupata tabia ya kufumba macho. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi.

Bastola nyepesi sana ina adha nyingine. Slaidi ili irudi hadi mwisho inahitaji fremu itulie mkononi. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari yake, na ganda tupu linakwama likiwa limesimama wima kwenye tundu. Mgeni anaambiwa risasi ni mbovu au bastola ni mbovu. Mara nyingi ni mshiko, na mshiko ulishindwa kwa sababu kishikio hakikumruhusu kushika.

Vitufe sivihofii sana. Kitufe cha kutoa magazini kikiwa mbali, unahamisha bastola kidogo mkononi, unabonyeza, unarudi; hakuna aliyedhurika. Angalia tu kama kinaweza kuhamishiwa upande wa pili kwa wenye kutumia mkono wa kushoto. Wenzo wa kuachia slaidi ukiwa mgumu, achana nao, funika slaidi kwa juu uivute na kuiachia kama nilivyoeleza. Komeo la usalama ndilo la kuchunguza kwa makini: kama lipo, gumba lazima lilifungue na kulifunga bila mkono kuacha mshiko wake. Isipowezekana, rudisha.

Mwishowe hakuna kipimo cha dukani kinachofikia kufyatua. Renji nyingi hukodisha bastola, na watu wa shabaha ni wakarimu wa silaha zao ukiomba kwa adabu. Mwalimu mmoja alikuwa akiwatayarishia wageni bastola tatu tofauti, akafunika majina kwa utepe, na kumwambia kila mmoja, "Dada, usiniambie ipi nzuri. Niambie ipi uliisahau mkononi." Ukifyatua yoyote, usihukumu kwa magazini ya kwanza. Jaza magazini mwenyewe kwa mikono yako, maana springi ya magazini nayo ni mtihani, na kama gumba linachoka, ulizia kifaa cha kujazia. Fyatua polepole. Angalia kama panda ya mkono imebaki katikati baada ya risasi tano au umekuwa ukirekebisha mshiko kila mara. Angalia matundu yanakohamia ukianza kuchoka, kwa sababu mkono uliochoka ndio unaofichua umbali wa triga usiofaa. Kisha ikoki mara ya mwisho ukiwa umechoka hivyohivyo, bila kujikaza. Ikikubali wakati huo, itakubali siku zote.

Zikibaki mbili zinazolingana na umeshindwa kuamua, chukua ile nzito, isipokuwa kama utaivaa kutwa nzima. Na ukifika nayo nyumbani, kabla ya sefu, fungua boksi uangalie kama ule mgongo mdogo umo ndani.